Tanzanaiti inaweza kukalia kiti cha yakuti samawi? Wajuzi wa vito na wa nyota njooni hapa

Kokoto Moja (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina mawe mawili ya buluu mezani hapa na yote yananikosesha usingizi.

La kwanza ni tanzanaiti, imo kwenye pete ya fedha. Nimeivaa miaka minne mfululizo, kazini, bafuni, shambani. Zamani ukiigeuza kidogo juani ilikuwa inaruka buluu, zambarau, buluu, zambarau, mpaka unayeongea naye anasahau alichokuwa anasema. Siku hizi imepooza. Nimeikagua kwa lenzi ya mara kumi: zile kingo ambapo uso mmoja wa jiwe unakutana na mwingine, zilizokuwa kali kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi, zimelika na kufanya weupe. Pembeni pamebanduka kipande kidogo kuliko punje ya ulezi.

La pili halijafungwa kwenye pete. Niliuziwa kama yakuti samawi, na aliyeniuzia sitamtaja. Nililitafuta kwa sababu mwaka jana nilisomewa nyota nikaambiwa sayari ya Zohali imenikalia vibaya, na tiba yake ni yakuti samawi kwenye kidole cha kati. Rafiki yangu akanicheka: "Wewe umezaliwa tarehe 27 Desemba, jiwe lako ni tanzanaiti, tena unalo tayari. Yote si buluu?"

Swali langu ndilo hilo. Moja linaweza kukaa kwenye kiti cha mwenzake? Kwa mwili wake, kwa nuru yake na kwa nyota. Nimechanganya fundi, mwalimu na mnajimu kwenye uzi mmoja makusudi. Msipigane.

---

Mpita Njia

Nimetandika mkeka hapa. Wakija niamsheni.

---

Fundi Jiwe

Mkuu Kokoto, pete yako haijarogwa. Imeliwa na vumbi.

Kwenye kipimo cha Mohs yakuti ina ugumu wa 9. Tanzanaiti huandikwa 6 hadi 7, mimi huwaambia watu sita na nusu wasinibishie. Sasa, vumbi la ndani ya nyumba yoyote lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7. Kila ulipoifuta pete kwa pindo la shati ili ing'ae ulikuwa unaipiga msasa. Yakuti ukiifuta hivyo hivyo miaka arobaini, kinachoumia ni shati.

Na 9 kutoa 6 na nusu si ngazi mbili na nusu. Mohs ni foleni tu: inakwambia nani anamkwaruza nani, haikwambii kwa kiasi gani. Mbele ya yakuti kwenye foleni hiyo amesimama almasi peke yake.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, tafuta lile jiwe la Longido, la kijani lenye mabaka mekundu, wanalolichonga vinyago na sahani. Ule ukijani ni zoisiti, madini yaleyale ya tanzanaiti ila ya rangi nyingine. Ule wekundu ni yakuti nyekundu, ndugu wa tumbo moja na yakuti samawi, maana zote mbili ni madini ya korandamu. Wamezaliwa kwenye mwamba mmoja, wamekumbatiana. Ukiliweka kwenye jiwe la kusagia ndipo unajua kwamba mmoja ni dhaifu. Kijani kinaliwa, wekundu unagoma. Usipotumia pedi ngumu na unga wa almasi, unamaliza kazi una kitu chenye mabonde ya kijani na vichuguu vyekundu. Ukipitisha kidole unavihesabu umefumba macho.

Halafu kuna mpasuko, na hapa ndipo wengi wanaumia. Zoisiti ina upande mmoja ambao inaachana kirahisi, kama kuni ukiipiga shoka kwa kufuata nyuzi. Yakuti haina udhaifu huo. Hebu angalia lile pengo lako kwa lenzi: kama sehemu iliyobanduka ni tambarare na inang'aa kama kioo, jiwe limefuata mpasuko wake. Kama ina mawimbi kama ganda la kombe, basi ulilibamiza mahali.

Moto nao. Sonara akiongeza au kupunguza pete yenye yakuti anaweza kubahatika asidhuru jiwe, ingawa fundi mwenye adabu hulitoa hata hivyo. Tanzanaiti ikipigwa moto wa ghafla inapasuka, hakuna mjadala. Mashine ya kuoshea kwa mtetemo, usiisogelee. Mvuke, vilevile. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, mswaki wa mtoto, basi.

---

Kokoto Moja

Fundi, nimeangalia. Ni tambarare na inang'aa.

---

Fundi Jiwe

Pole. Mpasuko huo. Acha kuivaa kuanzia leo, mlango ukishafunguka upande huo kipande kingine hakiko mbali.

---

Mwanaapolo Mstaafu

Naona mnazungumza kama vile tanzanaiti inatoka ardhini ikiwa na rangi ya dukani. Mimi nimeshuka mashimo ya Mirerani ujana wangu wote. Mengi tuliyoyapandisha yalikuwa ya kahawia, rangi ya soda ya chupa, mengine ya kijani cha mzeituni. Ya buluu toka shimoni yapo, ardhi yenyewe iliyachoma kabla yetu, lakini ni machache na mwenye nalo hulali naye chumba kimoja kwa amani.

Jiwe la kahawia likipelekwa kwenye tanuru, joto la kama 600 hivi, polepole, linatoka buluu. Nimewahi kusimama pembeni ya tanuru tukisubiri lipoe. Hakuna anayeongea. Likiwa na ufa uliojificha, linatoka vipande viwili na mwenye mali anakaa chini.

Historia kwa kifupi kwa vijana: ni mwaka 1967, na anayetambuliwa kuligundua ni mzee Jumanne Ngoma. Serikali ilimtambua hadharani mwaka 2018, akafariki mwaka uliofuata. Jina "tanzanite" lilitangazwa na Tiffany ya Marekani mwaka 1968, maana "zoisiti ya buluu" haiuziki. Mpaka leo duniani kote linatoka kwetu tu, kwenye kile kipande cha Mirerani kilichozungushiwa ukuta wa kilomita 24. Lile la Saniniu Laizer la mwaka 2020 mnalikumbuka, kilo 9 na gramu 270. Kwenye mfuko wa saruji ungelibeba bila mtu kushtuka.

Kwa hiyo mnajimu akija hapa namuuliza mapema: vitabu vyake vina umri gani, na jiwe hili lina umri gani kwa wanadamu?

---

Maabara Ndogo

Mimi ni mwalimu wa fizikia, vito ni ugonjwa wangu wa jioni. Niseme la nuru.

Nuru ikiingia kwenye jiwe inapunguza mwendo na kupinda. Kiasi cha kupinda kinaitwa fahirisi ya mpindo. Yakuti: 1.762 hadi 1.770. Tanzanaiti: 1.691 hadi 1.700. Namba hizo hazikaribiani. Ukiwa na refraktomita, kisanduku kidogo cha kuweka uso wa jiwe juu ya kioo na kuchungulia, unamaliza ubishi kwa dakika moja.

Faida yake kwa macho ni hii. Jiwe lenye fahirisi kubwa lina uwezo mkubwa wa kuifungia nuru ndani na kuirudisha juu. Nuru ikigonga ukuta wa ndani wa yakuti kwa pembe inayozidi digrii 34 na nusu haitoki, inarudishwa. Kwa tanzanaiti ni digrii 36 na kidogo. Tofauti ndogo, na mkataji hodari anaifuta kwa kubadili pembe za chini. Lakini uso wa yakuti una mng'ao ule mkali kama wa kioo kilichotoka kufutwa, na haupotei, kwa sababu Fundi keshawaeleza.

Ila kwenye rangi, wakuu, tanzanaiti ndiyo malkia, na hapa sitaki mtu anitajie ugumu. Umbo la ndani la fuwele ya yakuti lina mhimili mmoja mkuu, kwa hiyo nuru inayopita ndani hugawanyika na kuonyesha rangi mbili: buluu ya kuelekea zambarau, na buluu ya kuelekea kijani. Tanzanaiti ina njia tatu, na kila njia inachuja rangi yake. Jiwe ghafi kabla ya tanuru linaonyesha buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine, na upande wa tatu umanjano au ukahawia. Joto linaufuta ule wa tatu. Kinachobaki ndicho kile alichokisema Kokoto: buluu, zambarau, buluu, zambarau.

Hata chanzo cha rangi si kimoja. Kwenye tanzanaiti ni vanadi, kidogo sana. Kwenye yakuti samawi ni chuma na titani wakikaa jirani. Elektroni inaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenziwe na kumeza nuru nyekundu na manjano njiani. Korandamu isiyo na wageni hao haina rangi kabisa, ni alumini na oksijeni tu.

Jaribio la nyumbani: chukua miwani ya jua yenye polaroidi. Weka jiwe mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga mzuri, tazama kupitia kioo kimoja cha miwani, kisha kizungushe kioo hicho polepole kama usukani. Rangi ikibadilika, jiwe si kioo cha kawaida wala spineli, jiwe jingine linalofanana na yakuti. Kisha fanya jioni kwa taa ya manjano ya kizamani: tanzanaiti inaegemea sana kwenye zambarau. Yakuti hubadilika pia, ila kwa aibu.

---

Kokoto Moja

Mwalimu, nimefanya hivyo dirishani sasa hivi. Tanzanaiti imefanya vituko, robo mzunguko tu ikawa zambarau kabisa. Lile jiwe la pili limehama kidogo, kutoka buluu kwenda buluu yenye ukijani kwa mbali. Mke wangu ndiye aliyeliona kwanza, mimi nilikuwa nabisha.

---

Maabara Ndogo

Msikilize mama. Basi angalau hujauziwa chupa.

---

Bi Falaki

Salamu zenu nyote. Nimesoma tangu juu na nimefurahi, kwani kwa kawaida nikiitwa kwenye mabaraza haya huitwa kuchekwa.

Mwanangu Kokoto, aliyekusomea alikusomea kwa elimu ya Kihindi. Huko sayari zina mawe tisa: Jua yakuti nyekundu, Mwezi lulu, Mirihi marijani, Utaridi zumaridi, Mushtari yakuti ya manjano, Zuhura almasi, Zohali yakuti samawi. Mawili yaliyobaki ni ya Rahu na Ketu, zile nukta mbili njia ya Mwezi inapokatana na njia ya Jua. Hilo la Zohali wenyewe huliita nilamu, na ndilo linaloogopwa kuliko yote. Hupewi ukalivaa siku hiyo hiyo. Unalifunga kwenye kitambaa cha buluu, unalala nalo chini ya mto siku tatu. Ukiota vibaya au mambo yakaharibika, unalirudisha. Likikukubali ndipo unalivaa Jumamosi, siku ya Zohali, kwenye kidole cha kati, na jiwe lazima liguse ngozi kwa chini.

Ndugu yangu wa Mirerani kauliza swali la haki. Jibu ni kwamba tanzanaiti haimo katika yale tisa, na haiwezi kuwamo, kwani elimu hiyo ilipangwa karne nyingi kabla ya 1967. Wasioweza kupata yakuti samawi huambiwa wavae amethisti au iolaiti kama naibu. Siku hizi wapo wanaoiweka tanzanaiti kwenye unaibu huo kwa kufuata rangi yake. Mimi siwakatazi, lakini nawaambia: huo ni uamuzi wa juzi, usiuvike kanzu ya kale.

Ama tarehe yako ya kuzaliwa, hapo rafiki yako kachanganya mabomba mawili. Kwa hesabu ya Magharibi, 27 Desemba Jua liko Jadi, yule Mbuzi, na bwana wa Jadi ni Zohali. Kwa hesabu ya Kihindi, ambayo imepishana na ile kwa digrii kama 24, siku hiyo hiyo Jua bado liko Kausi, na bwana wa Kausi ni Mushtari. Tena Mhindi hatazami Jua kwanza. Anatazama Mwezi ulikuwa wapi, na buruji ipi, yaani kundi lipi kati ya yale kumi na mawili ya nyota kama Jadi na Kausi, ilikuwa ikichomoza mashariki ulipolia mara ya kwanza. Bila saa ya kuzaliwa hakuna jiwe. Ulitoa saa yako?

---

Kokoto Moja

Shikamoo bibi. Nilitoa. Mama aliikumbuka kwa adhana ya alfajiri.

---

Bi Falaki

Marahaba mwanangu. Mama kakutendea wema. Basi alikusomea sawasawa.

---

Chekecheke

Kwa heshima zote kwa Bi Falaki, hili la "jiwe la mwezi wako" tuliseme wazi. Orodha inayotumika leo ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912. Tanzanaiti iliongezwa kuwa jiwe la Desemba mwaka 2002, na walioingiza ni wafanyabiashara wa vito wa hukohuko Marekani. Hakuna nyota iliyopiga kura.

Na hata "yakuti samawi" ya vitabu vya kale ina maswali. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi wanalieleza jiwe wanaloliita sapphiros kuwa la buluu lenye vipunje vya dhahabu ndani. Yakuti haina vipunje vya dhahabu. Hiyo ni lazuardi. Kwa hiyo sifa nyingi tulizorithi kutoka Magharibi kuhusu yakuti huenda zilikuwa za jiwe jingine kabisa.

---

Bi Falaki

Kweli kabisa, Chekecheke, na ndiyo maana sikumjibu Kokoto kwa orodha ya miezi. Lakini usisombe na ya Kihindi kwenye toroli hilo hilo. Wao waliijua korandamu, na ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilikuwa mlangoni pao.

---

Mpita Njia

Nimeamka. Bi Falaki na Chekecheke wanakubaliana? Piga picha ukurasa huu.

---

Fundi Jiwe

Bi Falaki, shikamoo. Nina swali la ufundi. Umesema jiwe liguse ngozi. Maana yake pete iwe wazi chini. Kwa yakuti sina neno. Kwa tanzanaiti hiyo ni hatari, maana jasho, sabuni na mafuta ya ngozi yanaganda mgongoni mwa jiwe na nuru inakufa, halafu mtu anaanza kuichokonoa kwa kijiti. Pete salama ya tanzanaiti ni ile iliyozungushiwa ukingo wa chuma pande zote, tena isimame chini, isijitokeze kama mnara.

La pili: jiwe lililochomwa linakubalika kwenu?

---

Bi Falaki

Marahaba. La moto linagawa watu. Walio wakali hutaka jiwe ambalo halijaguswa na kitu ila mkataji. Walio walegevu husema moto ni moto, wa ardhini au wa tanuruni.

---

Maabara Ndogo

Hapo kuna jambo zuri. Yakuti mara nyingi huchomwa kwa joto kali, digrii 1,600 na zaidi. Ndani ya yakuti nyingi za asili kuna sindano nyembamba za madini yaitwayo rutaili, watu wa vito huziita hariri. Zikiwa nyingi na zimepangika vizuri ndizo zinazotoa ile nyota ya miale sita juu ya yakuti iliyokatwa mviringo. Joto hilo linaziyeyusha. Kwa hiyo mpimaji akikuta hariri nzima ndani, anaweza kusema jiwe hili halijachomwa kwa joto kubwa.

Tanzanaiti inachomwa kwa joto dogo, na mara nyingi haibaki alama ya kuaminika. Mtu akikwambia "hii ni buluu ya asili, haijaona tanuru", unaweza kumwamini, ila kuthibitisha ni shughuli. Kwa mnajimu mkali, basi, yakuti inaweza kuleta cheti cha ubikira wake na tanzanaiti mara nyingi haiwezi.

---

Mwanaapolo Mstaafu

Hahaha mwalimu, kauli hiyo.

---

Bi Falaki

Mwalimu, nitaichukua hiyo, lakini nitaisafisha kwanza.

Niongeze moja ambalo nimelisahau, na kwa Kokoto ndilo kubwa kuliko yote niliyosema. Kwetu jiwe lenye ufa au pengo halivaliwi. Wazee wanasema bora kidole kitupu. Na Zohali si mgeni wa jioni moja: anazunguka Jua kwa miaka 29 na nusu hivi, kila buruji anakaa miaka miwili na nusu, na ile dhiki yake maarufu inapita buruji tatu, ile ya nyuma ya Mwezi wako, ya Mwezi wenyewe, na ya mbele. Jumla miaka saba na nusu. Tanzanaiti yako imepata pengo kwenye mwaka wa nne. Umeona? Hata kama ningeukubali unaibu wake, naibu amefia njiani.

---

Fundi Jiwe

Bi Falaki umemaliza. Mimi natumia Mohs na wewe unatumia Zohali, tumefika mlango mmoja.

---

Kokoto Moja

Nimewaelewa. Sasa lile jiwe la pili. Nitajuaje kama ni yakuti kweli? Maabara ya vito iko mbali nami, na refraktomita sina.

---

Maabara Ndogo

Una mzani mdogo wa kidijitali, wa kupimia hadi sehemu ya mia ya gramu? Basi umefika. Njia hii ni ya Archimedes, na al-Biruni katika karne ya 11 aliitumia kupima vito kwa uangalifu wa kushangaza, tena akaifanya yakuti kuwa kipimo cha kuyalinganishia mawe mengine.

Pima jiwe likiwa kavu. Andika. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, bonyeza usome sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, litumbukize mpaka lizame lote, lakini lisiguse chini wala pembeni, wewe umeshika uzi. Gonga kidogo viputo vitoke. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ule uzito wa kwanza kwa huu.

Tanzanaiti inatoa 3.35. Yakuti inatoa 4.00. Ndiyo maana, kwa njia, mawe mawili ya karati moja hayalingani kwa ukubwa: la tanzanaiti linaonekana kubwa, kwa sababu ni jepesi kwa kadiri yake.

---

Kokoto Moja

Nimemaliza sasa hivi, mikono ilikuwa inatetemeka mpaka mke wangu akashika uzi.

Kavu: gramu 1.24. Majini mara ya kwanza 0.31, ya pili 0.31, ya tatu 0.30.

1.24 kwa 0.31 ni 4.00 kamili! Wakuu ni yakuti!

---

Maabara Ndogo

Hongera. Hata ukichukua ile 0.30 unapata 4.13. Ingekuwa tanzanaiti ungesoma 0.37, na mzani wako haukosei kiasi hicho. Ni korandamu.

---

Fundi Jiwe

Ngoja kwanza kabla hujachinja kuku.

Korandamu, ndiyo. Lakini Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kuyeyusha unga wa alumina kwenye mwali wa moto na kuuotesha tone kwa tone mpaka uwe fuwele. Alianza na yakuti nyekundu, ya buluu ikafuata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jiwe la namna hiyo lina uzito uleule, ugumu uleule, fahirisi ileile ya mpindo. Mzani wako hauwezi kulikamata. Hata miwani ya mwalimu haiwezi.

Kinachowatofautisha ni mistari ya ndani. Yakuti ya ardhini imekua kwa nyuso zilizonyooka, kwa hiyo rangi yake hukaa kwa matabaka yaliyonyooka, yakikutana kwa kona, kama vigae. Ya mwali wa moto imekua juu ya kichwa cha mviringo, kwa hiyo matabaka yake yamepinda, kama mifereji ya santuri.

Litie jiwe kwenye bilauri ya maji, chini weka karatasi nyeupe, mulika kwa chini, tazama kwa lenzi huku ukiligeuza taratibu. Usitazame nyuso zilizokatwa, tazama ndani. Chukua muda.

---

Kokoto Moja

Nimekaa nalo karibu saa nzima.

Mwanzoni sikuona kitu. Nikaligeuza ubavu, nikainamisha taa ya simu. Yakatokea. Yamepinda, Fundi. Membamba, buluu iliyokolea na buluu nyepesi, yanafuatana kama ukingo wa ndoo ukiutazama kwa juu. Viputo viwili vidogo vya mviringo pia. Hakuna sindano, hakuna hariri.

Sasa nimekaa tu.

---

Mwanaapolo Mstaafu

Pole mdogo wangu. Aliyekuuzia huenda naye aliuziwa. Yako mengi mno ya namna hiyo mitaani, na ni ya zamani. Jiwe lako la kweli la ardhini ni lile lililoliwa na vumbi.

Kwa kuwa tuko hapa: tanzanaiti ya kutengenezwa maabara haiuzwi. Kuna vioo, kuna forsteriti ya kutengenezwa inayofanana nayo, ila ukitazama ndani ya hiyo kingo za nyuma unaziona mbilimbili. Tanzanaiti yenyewe, ardhi ndiyo inayoijua.

---

Chekecheke

Swali kwa Bi Falaki, na safari hii siulizi kwa kejeli. Jiwe hili lina alumini na oksijeni, chuma na titani, limepangwa vilevile, linapinda nuru vilevile. Zohali atatofautishaje?

---

Bi Falaki

Chekecheke, hilo ndilo swali pekee lililoulizwa kwenye uzi huu ambalo mizani haina kazi. Kwetu nguvu ya jiwe haitoki kwenye vitu vilivyomo, inatoka kwenye muda lililokaa ardhini chini ya anga. La mwali wa moto limepikwa kwa saa chache. Kwa hesabu yangu halina kiti chochote, si cha Zohali wala cha naibu wake. Ni pambo zuri.

Wewe utasema hilo halipimiki. Ni kweli, halipimiki.

---

Maabara Ndogo

Nami nakubali kwamba katika kila kinachopimika hapa, jiwe la Kokoto limefaulu. Hata glasi za saa za bei mbaya ni korandamu ya kutengenezwa, kwa sababu hiyohiyo ya kutokwaruzika.

---

Kokoto Moja

Wakuu, nimelala nikaamka, nimeamua hivi.

Tanzanaiti nimeitoa kwenye pete. Fundi mmoja kaniambia anaweza kulisawazisha lile pengo kwa kulipunguza jiwe kidogo na kung'arisha upya, kisha litakuwa kidani cha mke wangu. Shingoni halitagonga meza wala mpini wa jembe. Kingo zikirudi kuwa kali nitaleta picha ya mchana na ya taa ya jioni.

Lile la mwali wa moto naliweka kwenye pete ile ile ya fedha, kidole kile kile, la kazini. Halikwaruziki, na mistari yake ile iliyopinda nimeanza kuipenda, sijui kwa nini.

Zohali ninamngoja bila jiwe kwa sasa. Bi Falaki, amebakiza muda gani?

---

Bi Falaki

Nitumie saa ya alfajiri aliyokutajia mama, na mji uliozaliwa. Faragha, si hapa.

---

Mpita Njia

Bibi na mimi je? Nilizaliwa Jumamosi.